Barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Mwanza: Andikeni namba ya floraidi kwenye kila kisima

Kwa: Mkuu wa Mkoa wa Mwanza, Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri zote za mkoa, Meneja wa RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) wa Mkoa, Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, Mganga Mkuu wa Mkoa, Afisa Elimu wa Mkoa.

YAH: FLORAIDI KWENYE MAJI YA VISIMA NA MENO YA WATOTO

Waheshimiwa,

Tunaweka ombi mbele, maelezo yafuate. Kila kisima cha umma mkoani, kiwe cha pampu ya mkono au cha mashine, kipimwe upya floraidi, madini ya mwambani ambayo yakizidi majini huharibu meno ya watoto, na majibu yaandikwe kwa rangi ya mafuta pale pale kisimani kwa tarakimu kubwa: miligramu ngapi kwa lita, na tarehe ya kupimwa. Namba hiyo isiishie kwenye faili la wilaya. Anayepaswa kuiona kabla ya mtu mwingine yeyote ni mama anayechota maji ya uji wa mwanawe.

Floraidi ikitajwa, wengi hufikiria Arusha, Maji ya Chai na vijiji vilivyo chini ya Mlima Meru. Sisi wa Kanda ya Ziwa tumezoea kuliona hilo ni tatizo la jirani. Kwa maji ya ziwa lenyewe tuna haki ya kutulia, kwa kuwa Ziwa Victoria lina floraidi kidogo, chini ya miligramu 1 kwa lita. Familia inayotumia maji ya bomba yaliyosafishwa kutoka Capri Point, Butimba au Ihelele haina sababu ya kuhofia upande huu. Hofu yetu ni kwa walio mbali na bomba, ambao maji yao hutoka kwenye mwamba. Wengi wao tuliwaambia wenyewe, kwa nia njema kabisa, waachane na ziwa na malambo kwa sababu ya kichocho na kipindupindu, wachote kisimani. Ushauri huo ulikuwa sahihi na bado ni sahihi. Ila kisima kinachomwokoa mtoto na kuhara kinaweza kumharibia meno, na hakuna macho wala ulimi utakaomwambia mzazi, kwani floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Maji ya chumvi wananchi huyakataa wenyewe. Maji yenye floraidi huyasifia kuwa ni matamu.

Chini ya sehemu kubwa ya mkoa huu kuna granaiti, ile ile inayochomoza ziwani kwenye jabali la Bismarck. Maji yanayokaa muda mrefu kwenye nyufa zake huyeyusha floraidi taratibu kutoka kwenye madini yaliyomo, hasa floraiti, apataiti na maika. Kinachoizuia isipande ni kalsiamu: ikiwepo ya kutosha, hushikana na floraidi na kuitoa majini. Pale ambapo maji yana magadi mengi na kalsiamu kidogo, kizuizi hicho hakipo. Ndiyo maana maji yanayosifiwa kijijini kuwa ni laini, yanayotoa povu haraka hata kwa kipande kidogo cha sabuni, yanastahili kupimwa mapema kuliko mengine. Ulaini wenyewe si kipimo, ni dalili tu ya mahali pa kuanzia. Na visima viwili vya kijiji kimoja, vikitofautiana mita mia chache au kina cha kuchimbwa, vinaweza kutoa namba zilizo mbali sana. Hakuna wilaya ya kusema "kwetu hakuna" kwa kupima kisima kimoja cha makao makuu.

Sasa meno. Jino la ukubwani haliharibiwi na maji likiwa limeshatoka. Huharibiwa likiwa bado ndani ya taya, linajengwa. Enameli, lile gamba gumu la nje, huanza kama kiunzi cha protini, kisha protini huondolewa na madini huchukua nafasi yake. Floraidi ikizidi mwilini, uondoaji huo huzorota, na enameli hukamilika ikiwa na vitundu vidogo mno chini ya uso wake. Kwa meno ya mbele ya juu, yale yanayoonekana mtoto akicheka, kipindi cha hatari kubwa ni takriban kati ya miezi 15 na miezi 30 ya umri. Meno ya nyuma hujengwa baadaye, hivyo hatari haiishi hadi karibu miaka 8, wakati enameli ya meno yote inakuwa imekamilika isipokuwa magego ya mwisho.

Kinachotuponza ni muda unaopita kati ya kunywa na kuonekana. Mtoto hupata dozi akiwa na mwaka mmoja na nusu, na jino lenye alama hutoka akiwa na miaka 7. Kisima kinachozinduliwa leo hakitalalamikiwa na mtu kwa miaka mitano au sita, na siku malalamiko yatakapofika ofisini kwenu, watoto wote waliozaliwa kijijini hapo katikati ya kipindi hicho watakuwa tayari wamebeba madhara ndani ya taya zao. Kupima baada ya kuona meno ya kahawia ni kupima kwa ajili ya wadogo zao tu.

Tunaomba pia jambo hili lieleweke kwa walimu na wahudumu wa afya, kwa sababu watoto wanaaibishwa bure. Jino lenye athari ndogo lina mistari myeupe, myembamba, ya mlalo. Ukilikausha kwa pamba na kuliacha dakika moja au mbili, mistari hiyo hujitokeza wazi. Athari ikiwa kubwa zaidi, jino zima hupauka na kuwa jeupe lisilong'aa. Rangi ya kahawia haimo jino linapochomoza: huingia baadaye kupitia vile vitundu, kutoka kwenye chai, vyakula na maji. Kwenye hali kali uso wa jino humeguka na kuacha vishimo. Dalili ya kutegemea kuliko zote ni jozi. Jino la kulia na mwenzake wa kushoto huwa na alama zinazofanana, kwa kuwa yalijengwa wakati mmoja. Doa kwenye jino moja peke yake mara nyingi limetokana na kuanguka utotoni au jino la utoto lililooza na kutunga usaha. Mtoto mwenye alama za jozi hajakosa kupiga mswaki. Akiambiwa ni mchafu, atakwenda kusugua kwa mchanga, majivu au mkaa, na enameli yenye vitundu humeguka upesi kuliko ya kawaida.

Hatusemi floraidi ni sumu ya kukimbiwa kwa kila kiasi. Kiasi kidogo hulinda meno yasioze, na dawa ya meno yenye floraidi inabaki kuwa kinga bora tuliyo nayo dhidi ya kuoza. Hata kijiji chenye maji mabaya kisiambiwe kiache dawa ya meno. Kiambiwe kiasi: mtoto wa chini ya miaka 3 apakwe kidogo tu, ukubwa wa punje ya mchele, wa miaka 3 hadi 6, ukubwa wa punje moja ya njegere, na mzazi asimamie, mtoto ateme mate, asimeze dawa. Lita moja ya maji yenye miligramu 4 ina floraidi mara kumi na sita ya ile iliyo kwenye robo gramu ya dawa ya meno ya kawaida ya watoto. Kwenye kijiji cha namna hiyo, mswaki si mahali pa kuanzia.

Chukueni mtoto wa miaka miwili mwenye kilo 12. Maji ya kunywa, uji, chai na mchuzi kwa siku, tuseme ni lita moja. Kisima kikiwa na miligramu 3 kwa lita, anapata miligramu 3, sawa na 0.25 kwa kila kilo ya uzito wake. Sisi wa fani ya meno huhesabu miligramu 0.05 hadi 0.07 kwa kilo kuwa kiasi kinachotosha kulinda bila kudhuru. Mtoto huyo anapata zaidi ya mara tatu na nusu ya kiwango cha juu, kila siku, katika miezi ile ile meno yake ya mbele yanapojengwa. Fanyeni hesabu hiyo hiyo kwa miligramu 1.5 na mtaona kuwa hata kikomo cha kisheria hakina nafasi kubwa ya kuchezea, hasa huku kwenye joto ambako watu wanakunywa maji mengi. Shirika la Afya Duniani linalotoa mwongozo wa 1.5 linazitaka nchi zizingatie hali ya hewa na kiasi cha maji kinachonywewa. Marekani, ambako floraidi huongezwa makusudi kwenye maji ya bomba, mwaka 2015 ilipendekeza 0.7 tu.

Hapa tunafika kwenye jambo tunaloliona kuwa zito kuliko yote upande wa utawala. Nchi yetu ilianza na kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini katika miaka ya 1970, kwa sababu maji mengine hayakuwepo. Baadaye kikashushwa hadi 4. Toleo la 2018 la kiwango cha TBS (Shirika la Viwango Tanzania) cha maji ya kunywa, TZS 789, limekuja na 1.5. Maana yake ni kwamba kisima kilichopimwa kabla ya hapo na kukutwa na 3.2 kilipita kihalali, kikaandikwa "yanafaa kwa matumizi ya binadamu", na barua hiyo bado iko kwenye faili. Mwamba haujabadilika, kilichobadilika ni kiwango. Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji hata kifaa: mafaili ya visima vya kabla ya 2018 yafunguliwe wilaya kwa wilaya, na kila kisima chenye zaidi ya 1.5 kitolewe kwenye orodha ya maji salama ya kunywa kwa watoto. Kazi hiyo ni ya karani mwenye bidii na fundi sanifu mmoja. Visima ambavyo faili lake halina kabisa mstari wa floraidi, au mstari upo na hauna namba, vihesabiwe kuwa havijapimwa.

Tukija kwenye kupima, tunaomba mtuvumilie tuingie kwenye undani, kwa sababu namba mbaya ni hatari kuliko kukosa namba. Mtu asiye na namba huuliza. Mwenye namba ya uongo hutulia.

Kosa la kwanza hufanyika siku ya kuchimba. Mashine ya kuchimba hutumia maji, na maji hayo huletwa na boza, mara nyingi kutoka ziwani. Sampuli ikichukuliwa kisima kikiwa hakijasafishwa vya kutosha, kinachokwenda maabara ni mchanganyiko wenye maji ya boza, na floraidi itasomeka ndogo. Sampuli ya kuidhinisha kisima ichukuliwe mwishoni mwa zoezi la kupima uwezo wa kisima, baada ya pampu kukimbia saa zote zilizopangwa, na si saa ya kwanza. Kwa kisima cha zamani, pigeni pampu dakika 10 hadi 15 kwanza ili maji yaliyolala kwenye bomba yatoke. Sampuli ya pili irudiwe mwisho wa kiangazi, Agosti au Septemba, kwani mvua huweza kuchanganya maji mapya juu ya yale ya mwamba na kushusha namba kwa muda.

Chupa iwe ya plastiki, mililita 250 zinatosha, isuuzwe mara tatu kwa maji ya kisima hicho hicho, isiwekwe asidi wala dawa. Chupa ya kioo haifai, kwa kuwa floraidi inaweza kushikana na kioo. Floraidi haiharibiki haraka. Sampuli inaweza kukaa hadi siku 28 bila kupoteza ukweli wake. Kwa hiyo umbali wa kijiji kutoka maabara ya maji Mwanza mjini hauwezi kuwa kisingizio. Chupa za visiwa vya Ukerewe zinaweza kusafiri kwa meli pamoja na abiria.

Maabarani, njia ya kuaminika ni elektrodi ya floraidi, kijiti kinachopima kwa umeme. Sampuli huchanganywa na kimiminika cha kurekebisha, mara nyingi nusu kwa nusu: mililita 10 za maji na mililita 10 za kimiminika. Kimiminika hicho huweka uchachu kwenye pH kati ya 5 na 5.5 na kuifungua floraidi iliyoshikwa na alumini au chuma. Akikiruka mpimaji ili kubana matumizi, floraidi iliyoshikwa haisomeki na majibu yanakuja madogo. Elektrodi ilinganishwe kila asubuhi kwa vimiminika vya kiwango kinachojulikana, angalau viwili vinavyopishana mara kumi, kwa mfano 0.5 na 5, na tofauti ya usomaji kati yao iwe karibu na milivolti 57 hadi 59 kwenye joto la kawaida la chumba. Ikishuka sana chini ya hapo, elektrodi imechoka au imechafuka, na majibu ya siku hiyo yasitolewe.

Vifaa vya kubeba uwanjani, vinavyopima kwa kupauka kwa rangi, vina mtego wake. Vingi huishia miligramu 2 kwa lita. Maji yenye 5 yakiwekwa humo bila kupunguzwa makali, kifaa hutoa usomaji wa ukingoni, na mpimaji asiye makini huandika "2.0". Kila usomaji unaokaribia kikomo cha kifaa urudiwe: sehemu moja ya maji ya kisima, sehemu nne za maji yaliyokenekwa, kisha majibu yazidishwe kwa tano. Mkikuta wilaya ina visima vingi vyenye "2.0" iliyonyooka, pelekeni chupa zote kwenye elektrodi.

Namba ikishajulikana, kinafuata nini? Ombi letu kubwa hapa ni kwamba kisima kisifungwe. Kisima chenye miligramu 4 kikifungwa, watu watarudi lambo, na tutakuwa tumebadilisha meno ya kahawia kwa kipindupindu. Maji hayo yanafaa kufua, kuoga, kuosha vyombo, kufyatua tofali na kumwagilia bustani. Yanayohitaji kubadilishwa ni yale ya kunywa na kupikia tu, na hapo hesabu inakuwa nyepesi. Familia ya watu sita ikipewa lita 5 kwa mtu kwa kazi hizo mbili, inahitaji lita 30 kwa siku, yaani ndoo moja na nusu. Na ndani ya familia, mstari wa mbele ni watoto wa chini ya miaka 8. Kama maji yenye floraidi kidogo hayatoshi wote, watoto wapewe kwanza, na mzazi aambiwe hivyo bila kuzunguka. Mtoto mchanga anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata pale mama mwenyewe anapokunywa maji mabaya, kwa hiyo shida huanza na uji. Watu wazima nao wasidhani wamepona kabisa: namba zikiwa kubwa kwa miaka mingi, floraidi hujikusanya kwenye mifupa na kuleta maumivu ya mgongo na viungo, na zikizidi 10, hata ulemavu.

Mvua ni jibu la karibu kwa vijiji vingi, kwani maji yake karibu hayana floraidi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 50, mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, ukiacha sehemu ya tano inayopotea, linatoa lita 40,000. Kwa familia tuliyoitaja, kuvuka siku 120 za kiangazi kunahitaji lita 3,600, hivyo simtanki la lita 5,000 linatosha na ziada, mradi litumike kwa kunywa na kupikia tu. Mara nyingi linaloshindikana si tanki, ni mfereji wa bati uliopinda na kumwaga nje, na kukosekana kwa bomba la kutupa maji ya kwanza yenye kinyesi cha ndege na vumbi. Tunaomba ramani za madarasa na zahanati mpya zisipitishwe bila mfereji na tanki. Maji haya yachemshwe au yatiwe klorini kabla ya kunywewa.

Tukiwa hapo, wananchi waambiwe wazi: kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanayopungua kwa mvuke huiacha sufuriani, hivyo yaliyobaki yana floraidi nyingi zaidi kwa lita. Klorini nayo haiigusi.

Pale bomba la ziwa linapofika hata kwa mgawo, maji yachanganywe kwenye tanki badala ya kupishana siku kwa siku. Kisima chenye 4, maji ya ziwa yenye 0.4: sehemu moja ya kisima kwa tatu za ziwa inatoa 1.3. Moja kwa moja inatoa 2.2, ambayo haifai. Vipimo vya mchanganyiko vifanywe kwa dira za maji kwenye mabomba mawili yanayoingia, visiachwe kwa makadirio ya mlinzi wa pampu. Na mnapopanga upanuzi wa mtandao, bomba kuu linalotoka Ihelele kwenda Shinyanga na Kahama linapita kwenye ardhi ya mkoa huu. Foleni ya vijiji vya kuunganishwa ipangwe kwa namba ya floraidi pamoja na umbali na idadi ya watu. Kijiji chenye 5 kisingoje nyuma ya kijiji chenye 0.8 kwa sababu tu kile cha pili kiko barabarani.

Vichujio vinafaa, ila tunaviweka baada ya hayo yote kwa sababu vinahitaji usimamizi usiokoma. Mkaa wa mifupa, ambao umefanyiwa kazi kwa miaka mingi kwenye kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha, hutengenezwa kwa kuchoma mifupa iliyosafishwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, nyuzi joto 400 hadi 600 za Selsiasi. Chini ya hapo mafuta na protini hubaki, na maji hutoka ya njano yenye harufu. Juu ya hapo mifupa huwa myeupe na hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kunasa. Punje nzuri ni nyeusi au kijivu, za ukubwa wa milimita 0.5 hadi 2, zilizooshwa mpaka maji yatoke meupe. Tukichukua uwezo wa miligramu 2 za floraidi kwa gramu, kilo 5 za mkaa zikishusha maji kutoka 5 hadi 1 zitahudumia lita 2,500, karibu miezi minne kwa lita 20 kwa siku. Baada ya hapo kichujio hutoa maji safi ya kupendeza yenye floraidi ile ile ya kisimani, na mwenye nyumba hajui. Kwa hiyo kichujio bila mtu wa kupima kila mwezi na mkaa wa kubadilishia kisigawiwe. Mifupa ya ng'ombe na mbuzi ya kutosha ipo machinjioni. Iandikwe ilikotoka na ni ya mnyama gani, kwa kuwa waumini wana haki ya kujua kabla hawajanywa.

Njia ya shabu na chokaa iliyotoka Nalgonda, India, ni ya bei nafuu. Kwa maji yenye floraidi nyingi, ndoo ya lita 20 huhitaji takriban gramu 10 hadi 15 za shabu na nusu yake ya chokaa. Hukorogwa kwa kasi dakika moja, taratibu dakika tano, hutulizwa saa moja, kisha maji ya juu humiminwa kupitia kitambaa kwenye ndoo ya pili. Yasiachwe juu ya tope hata usiku mmoja, kwa sababu floraidi hurudi majini. Kiasi halisi hupangwa maabarani kwa kila kisima, na alumini inayobaki lazima ipimwe nayo. Hatuipendekezi kwa kaya moja moja. Shule yenye mpishi aliyefunzwa inaweza.

Kuna chanzo kingine ambacho bomba la ziwa haliwezi kukitibu: magadi ya kupikia. Maharage, makande na mlenda huku kwetu hulainishwa kwa magadi, na baadhi ya magadi yana floraidi nyingi kiasi kwamba tafiti za hapa hapa Tanzania zimekuta meno yenye athari hata mahali ambapo maji ni mazuri. Magadi hutofautiana kwa alikochimbwa, na mnunuzi wa gulioni hawezi kuyatofautisha kwa macho. Afisa afya achukue mafungu kutoka kwa wauzaji wa jumla, yapimwe, na matokeo yatangazwe minadani. Wakati huo huo kliniki ziwafundishe wazazi kuloweka maharage usiku kucha, kumwaga maji hayo na kupika kwa maji mapya. Hupika haraka na magadi hayahitajiki. Chungu cha mtoto kisitiwe magadi kabisa.

Kwa Mganga Mkuu: swali la "maji ya kunywa mnachota wapi?" liulizwe kila mtoto anapokuja chanjo ya miezi tisa, na jina la kisima liandikwe kwenye kadi ya kliniki. Huo ni umri ambao bado tunaweza kuyaokoa meno ya mbele. Kwa Afisa Elimu: watoto wa miaka 8 hadi 12 waliozaliwa na kukulia kijijini waangaliwe meno ya mbele na daktari wa kinywa mara moja, shule kwa shule, kwa kipimo cha Dean cha ukali wa athari ya floraidi, chenye alama 0 hadi 4. Wastani wa shule ukizidi 0.6, visima vya kijiji hicho viende kileleni mwa orodha ya kupimwa. Waliohamia wakiwa wakubwa wasihesabiwe, watapotosha wastani.

Kwa walioathirika tayari, enameli hairudi, ila muonekano unaweza kusaidiwa. Madoa ya juu juu huondolewa kwa kusugua kitaalamu kwa asidi na unga laini, kazi inayotoa chini ya robo milimita ya uso wa jino. Yenye vishimo hujazwa kwa kijazio cha rangi ya jino. Tunaomba huduma hizi zisiwekwe kwenye kundi la urembo wakati mgonjwa ni mwanafunzi aliyenyweshwa maji ya mradi wa umma.

Mafaili yafunguliwe mwezi huu. Chupa zikusanywe kiangazi kinachofuata, zikianza na visima vya shule na zahanati, kisha vile ambavyo ndiyo chanzo pekee cha kijiji. Jumuiya za watumia maji zipewe kopi ya majibu siku ile ile yanapotoka, na ndizo zinunue rangi. Na kisima chenye namba nzuri nacho kiandikwe, 0.6 ikiwa ni 0.6, ili mama wa kijiji cha pili ajue pa kuchota ndoo ya mtoto.

Ni sisi,
Watabibu wa kinywa na meno pamoja na mafundi sanifu wa maabara za maji,
Mwanza.